Alimshika Mkono: Neno Juu ya Kifafa na Ubongo Aliouumba Mungu

(Someni Marko 9:14–29)



Habari ya kijana aliyeletwa na baba yake kwa wanafunzi wa Yesu imesomwa mara nyingi katika sharika zetu, nasi twadhani ya kuwa twaijua. Lakini ihubiriwapo, mara nyingi twapita upesi mpaka kwenye imani ya yule baba, au mpaka kwenye neno la kuomba, na kijana mwenyewe twamwacha chini mavumbini. Angalieni jinsi habari inavyoanza. Bwana ashuka mlimani, awakuta wanafunzi wakihojiana na waandishi, na watu wengi wamewazunguka. Mgonjwa yupo, baba yake yupo, na wenye elimu ya dini wanabishana. Mwezi huu twataka kukaa kidogo karibu na kijana huyo, tufahamu ni nini kinachowapata walio kama yeye katika vijiji vyetu; kwa maana kutokujua kwetu kumewaumiza wengi, na wengine kumewaua.

1. Bwana aliuliza kwanza

Baba yule aeleza mambo kwa utaratibu: mwanawe huanguka, hutoka povu, husaga meno, hukauka mwili, tena mara nyingi ameanguka motoni na majini. Hakuna daktari leo asiyeitambua habari hiyo. Naye Bwana, kabla ya kutenda neno lo lote, amwuliza baba: amepatwa na haya tangu lini? Baba ajibu: tangu utoto. Swali hilo ndilo ambalo mgonjwa wa kifafa huulizwa hata leo afikapo hospitali. Aliyejua yote hakuona haya kuuliza. Sisi tujuao machache twakata hukumu bila ya kuuliza.

Yako mengine ya kuangalia. Mathayo asimuliapo habari hiyohiyo hutumia neno la Kiyunani litokanalo na mwezi, kwa kuwa watu wa kale walidhani ya kuwa mwezi ndio uletao ugonjwa huu. Na waliotufasiria Maandiko wakaandika kifafa. Tena Mathayo huyohuyo, katika sura ya 4, ahesabupo wagonjwa walioletwa kwa Yesu, awataja wenye pepo kwa jina lao, na wenye kifafa kwa jina lao, na wenye kupooza kwa jina lao. Hakuwachanganya. Marko asema habari ya pepo, wala sisi hatulifuti neno lake; twaungama ya kuwa Yesu ni Bwana juu ya kila kimtesacho mwanadamu, kionekanacho na kisichoonekana. Lakini ikiwa Bwana alimfukuza pepo, hiyo si ruhusa kwetu ya kumwita kila aangukaye mwenye pepo. Yeye aliyajua yaliyomo ndani ya mtu. Sisi twaona povu tu.

2. Kazi ya gamba la ubongo

Katika fungu la kwanza la Imani twaungama ya kuwa Mungu ametuumba, naye Luther katika Katekisimo Ndogo atufundisha kuuhesabu mwili na viungo na akili na fahamu zote kuwa ni vipawa vyake. Basi na tuutazame ubongo kama watu watazamao kazi ya mikono ya Baba yao.

Sehemu ya nje ya ubongo ni gamba lenye unene wa milimita 2 hadi 4 tu, nalo limekunjwa mikunjo mingi ili lienee ndani ya kichwa. Katika ubongo wote mna chembe za fahamu zipatazo bilioni 86, na katika gamba hilo mna kama bilioni 16. Hizo ndizo zitupatiazo kuona, kusema, kukumbuka, kuinua mkono na kuimba. Zazungumza zenyewe kwa zenyewe kwa umeme hafifu sana, na kwa maji ya namna namna ambayo chembe moja huyamwaga juu ya nyingine. Na mazungumzo hayo ni ya namna mbili: liko neno la kuamsha, na liko neno la kutuliza. Neno la kuamsha huchukuliwa zaidi na kitu kiitwacho glutamati. Neno la kutuliza huchukuliwa na kitu kiitwacho gaba. Chembe husikiliza pande zote mbili, na kuamka kukizidi kiasi fulani, hupeleka habari mbele, kusipozidi, hunyamaza.

Mwalimu wa kwaya atafahamu upesi. Wimbo hauwi wimbo kwa sauti tu, bali na kwa kunyamaza pia. Soprano huingia mahali pake, besi hungoja zamu yake. Lakini ikiwa waimbaji wote, ghafula, wangepiga sauti moja kwa nguvu zao zote, tena na tena, bila ya kumtazama mwalimu, huo si wimbo tena. Ndivyo kifafa kilivyo. Chembe nyingi za gamba la ubongo huamka pamoja kupita kiasi, na mtulizaji hushindwa kuzizuia. Mwili hukaza na kutikisika, fahamu hupotea, mpaka ubongo wenyewe uchoke na kutulia. Na kama chembe hizo ni za mahali padogo tu, huenda mtu asianguke, bali kidole kikamcheza, au akakodoa macho kitambo asijibu, au akanusa harufu isiyokuwapo.

Wala kifafa si ugonjwa pekee utokao katika kuvurugika kwa kiasi hiki. Wengi wenye kipandauso huona kwanza miali na mistari ya nuru machoni, ndipo kichwa kiume. Mwaka 1944 mtu wa Brazil, Aristides Leão, aliandika habari ya wimbi aliloliona katika gamba la ubongo wa sungura, liendalo polepole, kama milimita 3 kwa dakika, na nyuma yake chembe hunyamaza. Wataalamu hulihesabu wimbi la namna hiyo kuwa ndilo chanzo cha miali ile. Basi mama asemaye ya kuwa aona nuru kabla ya kichwa kumwuma, hadanganyi, wala hajarogwa.

3. Jinsi jambo hili lilivyojulikana

Yapata miaka 400 kabla ya kuzaliwa kwake Kristo, kiliandikwa kitabu cha Kiyunani, kati ya vile vinavyoitwa vya Hippocrates, juu ya ugonjwa ambao watu wa siku zile waliuita mtakatifu. Mwandishi alikataa, alisema ugonjwa huu si mtakatifu kuliko magonjwa mengine, nao watoka katika ubongo. Ilipita miaka zaidi ya 2,000 kabla ya kuthibitishwa vizuri.

Mwaka 1870 Wajerumani wawili, Fritsch na Hitzig, waligusa gamba la ubongo wa mbwa kwa umeme hafifu, na viungo vya upande wa pili wa mwili wake vikacheza. Mwaka 1873 daktari wa London, John Hughlings Jackson, aliyewaangalia kwa subira wagonjwa ambao mshtuko huwaanza kidoleni na kupanda mpaka mkono na uso, alifundisha ya kuwa kifafa ni umeme wa ubongo uliofunguka ghafula na kupita kiasi. Nao huenea kama moto wa nyasi, kutoka sehemu moja hata ya jirani. Mwaka 1924 Hans Berger, katika mji wa Jena, aliuandika kwa chombo umeme wa ubongo wa mtu akiwa hai, naye akaitangaza habari yake mwaka 1929. Hata leo chombo cha namna hiyo hutumika katika hospitali kubwa. Na mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield walionyesha ya kuwa sumaku yenye nguvu ikiwekwa juu ya kichwa huliamsha gamba la ubongo, na kidole hucheza bila ya maumivu makubwa.

Kwa njia hiyo ya sumaku wataalamu hupima jambo moja ambalo twataka mlishike: kizingiti. Wapima ni nguvu kiasi gani itakiwayo ili gamba la ubongo liamke. Kwa mtu huyu ni nyingi, kwa yule ni kidogo. Na ziko dawa za kifafa zionekanazo kukiinua kizingiti hicho.

Hapa, ndugu, pana neno la kutunyenyekeza. Hakuna ubongo usioweza kuanguka. Mtoto mzima wa afya akipandwa na homa kali aweza kutikisika. Mlevi wa siku nyingi aachapo pombe ghafula aweza kutikisika. Mtu ambaye sukari ya damu yake imepungua mno, au aliyepigwa kichwani, au mwenye malaria iliyoingia katika ubongo, aweza kutikisika, awe mzee wa kanisa au mpagani. Tofauti ya yule aliyelala chini na sisi tuliosimama tukimtazama si ya kuwa yeye ana kitu cha ajabu ndani yake ambacho sisi hatuna. Sote tumepewa ubongo wa namna moja. Kizingiti chake ni kifupi kuliko chetu, basi. Nani aliyejijengea kizingiti chake mwenyewe?

4. Visababishi, na dawa

Wengine wamezaliwa na kizingiti kifupi kwa urithi. Wengine walikosa pumzi siku ya kuzaliwa. Wengine walipatwa na malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo, wengine kiharusi, wengine jeraha la kichwa, na siku hizi pikipiki zimezidisha majeraha hayo. Wengine wamemeza mayai ya tegu wa nguruwe, yatokayo katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huyo, na vifuko vyake vikakaa katika ubongo. Na kwetu Tanzania, katika nchi ya Mahenge, kifafa kimeonekana kwa wingi pamoja na ugonjwa wa usubi. Basi mkunga mwenye ujuzi, chandarua, choo, zizi la nguruwe, kofia ngumu ya mpanda pikipiki, hivi vyote ni ulinzi wa ubongo wa jirani yetu.

Dawa zipo. Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Hauptmann aliandika ya kuwa dawa iitwayo fenobabito huzuia kifafa. Nayo yatumika hata leo, tena ni ya bei ndogo. Kazi yake ni kumtia nguvu yule mtulizaji tuliyemtaja. Zimefuata nyingine nyingi. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na katika kila 10, hata 7 wangeweza kuishi bila ya kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa inavyopasa. Lakini katika nchi maskini, kama robo tatu ya wagonjwa hawapati dawa wanayoihitaji. Hao ni baba na mama, na wanafunzi wa Kipaimara, waliofungiwa ndani bila ya sababu.

5. Neno la kuomba na kufunga

Hapa hatuna budi kusema wazi. Wako wagonjwa walioambiwa na watu wa dini watupe vidonge vyao, kwa kuwa kumeza dawa ni kukosa imani. Wako walioamriwa kufunga siku nyingi na kukesha usiku kucha, ili pepo atoke. Sasa, kukosa usingizi ni mojawapo ya mambo yajulikanayo sana kwa kukishusha kizingiti cha ubongo; kadhalika kukaa bila ya chakula hata mwili ukadhoofu; na kuacha dawa ghafula ni hatari kupita yote, kwani kwaweza kuleta mshtuko usiokoma, na mtu akafa. Basi mgonjwa akeshapo, hana chakula, hana usingizi, hana dawa, huanguka mbele ya madhabahu, na watu husema: tazameni, pepo anashindana! Sivyo. Ni ubongo ulionyimwa vile ambavyo Mungu aliuamuru uvipate.

Someni tena mwisho wa habari ya Marko. Bwana alipotaja kuomba, na katika maandiko mengine ya kale limo na neno la kufunga, alikuwa akisema na nani? Alisema na wanafunzi, ndani ya nyumba, peke yao. Hakumwambia kijana afunge. Hakumwambia baba yake amkeshe. Mzigo wa kuomba aliuweka juu ya mabega ya wazima, siyo juu ya mgonjwa. Ikiwa mwataka kufunga kwa ajili ya mgonjwa wa kifafa, fungeni ninyi. Yeye mpeni chakula, mpeni usingizi, mkumbusheni kidonge chake. Na ombeni kwa bidii, kwa maana dawa nayo ni kiumbe cha Mungu, na kuiomba baraka yake si upungufu wa imani.

6. Bethel, kwa sifa na kwa onyo

Jina la Bethel lajulikana Usambara na Buhaya, maana wamisionari wengi walitoka huko. Lakini si wote wajuao ya kuwa Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, ilianzishwa mwaka 1867 kuwa makao ya watu wenye kifafa. Mwaka 1872 mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliwekwa kuwa mkuu wake, na mahali pakakua hata pakawa kama mji, wagonjwa wakiwa na nyumba zao, na kazi zao, na kanisa lao. Na kule Lutindi katika milima ya Usambara, nyumba iliyojengwa mwaka 1896 kwa ajili ya waliookolewa utumwani iligeuzwa baadaye kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ingalipo.

Hiyo ndiyo sifa. Sikieni na onyo. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilitoa sheria ya kuwafunga uzazi watu waliohesabiwa kuwa na magonjwa ya urithi, na kifafa kilitajwa humo. Ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1934. Hata Bethel kwenyewe wagonjwa walifungwa uzazi. Kisha katika miaka 1940 na 1941 wagonjwa zaidi ya 70,000 wa nchi ile waliuawa katika nyumba zilizowekwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa walihesabiwa kuwa hawana faida. Mwana wa Bodelschwingh, aliyekuwa mkuu wa Bethel baada ya baba yake, pamoja na mchungaji Paul Braune, walipinga mauaji hayo mbele ya wakubwa wa serikali. Twamshukuru Mungu kwa upinzani huo. Lakini twajifunza pia ya kuwa uovu haukuanza na mauaji. Ulianza siku watu walipokubali kumpima mgonjwa kwa faida yake. Nasi twamfichapo mtoto jikoni, tukasema hafai kusomeshwa, hafai kuposwa, tumeingia katika njia hiyohiyo, ijapokuwa hatujafika mbali.

7. Yatupasayo

Katika Mahenge, karibu na mwaka 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa. Alikuta watu wakiogopa kumgusa aangukaye, kwa kudhani ya kuwa mate na povu huambukiza. Hata aliyeanguka motoni aliungua watu wakitazama. Hofu hiyo haijakwisha katika nchi. Basi waalimu na wazee wa kanisa, lifundisheni neno hili kama mfundishavyo Amri: kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa povu, si kwa kikombe cha Meza ya Bwana.

Mtu akianguka, mwondoeni karibu na moto, na maji, na mawe. Mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, legezeni nguo ya shingoni. Msimkandamize, wala msimtie kijiko wala kidole kinywani, wala msimpe maji wala dawa ya kunywa. Kutikisika kukitulia, mlazeni ubavu. Tazameni saa: kukizidi dakika 5, au kukirudia kabla hajapata fahamu, mpelekeni hospitali upesi. Kaeni naye mpaka azinduke, mkamfunike, maana huamka na aibu. Kisha mshaurini aende kwa daktari, wala asiache dawa bila ya shauri lake. Na mwanamke atazamiaye kuzaa amwulize daktari mapema, kwa kuwa dawa nyingine hazifai wakati wa mimba.

Amri ya tano yatuambia tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili. Amri ya nane yatuzuia kumsingizia. Na asemaye nyumba ile imerogwa, au mama yule ndiye aliyemroga mwanawe, ameivunja amri hiyo hata akiisema kwa kunong'ona.

Na sasa mwisho wa habari. Kijana alipotulia alilala kama maiti, na wengi walisema amekufa. Mkutano ulikuwa umekwisha kumhesabu katika wafu. Ndipo Bwana akamshika mkono, akamwinua, akasimama. Hakusimama mbali, hakuogopa povu, hakungoja aoshwe kwanza. Katika kila usharika wetu yupo yamkini mmoja ambaye watu wamemhesabu kuwa amekufa, na kiti chake kanisani ni tupu kwa kuwa jamaa zake waona haya. Enendeni Jumapili hii nyumbani kwake. Ulizeni kwanza, kama Bwana alivyouliza. Kisha mshikeni mkono.

Ee Bwana Yesu, uliyemrudishia baba mwanawe, utuondolee woga na majivuno. Wape waganga hekima, wape wagonjwa subira na dawa, na sisi utupe mikono isiyokimbia. Amin.